Mlinzi wa kampuni, vijana wa mtaa, taa au kamera: mtaa wenye magari yanayolala nje uanze na kipi?

Magari yakishavunjwa vioo mara mbili tatu, kikao cha mtaa kinaitishwa, na mapendekezo huwa yale yale. Mmoja anataka kampuni ya ulinzi iletwe. Mwingine anasema vijana wetu wenyewe wapo, wapewe filimbi na tochi. Wa tatu anataka kamera, maana bei imeshuka na jirani wa mtaa wa pili ameshafunga. Wa nne anasimama nyuma kabisa, mara nyingi mama wa nyumba ya kona, anasema huku kwetu ni giza, tuanze na taa. Kisha watu wanabishana mpaka saa mbili usiku na kutawanyika bila uamuzi.

Nawaandikia walio katikati ya mabishano hayo, Arusha na Moshi, kwa sababu hela ya mchango ni kidogo na ikienda pasipostahili ni vigumu kuwarudisha watu mezani mara ya pili. Msimamo wangu nautoa mapema: huyo mama wa kona ana hoja nzito kuliko anavyopewa nafasi. Taa na mtu anayetembea vitangulie, kamera ifuate. Ila kuna mitaa ambako mpangilio huu unageuka, nayo nitaitaja.

Mwizi wa gari mtaani anataka nini

Anayevunja gari usiku kwa kawaida hataki gari zima. Anataka kilichomo ndani, yaani begi, kompyuta, simu, pochi iliyosahauliwa chini ya kiti, au anataka kile kinachochomoka: vioo vya pembeni, swichi za pawa windo, taa, redio, betri, kontrol boksi, tairi la spea linaloning'inia nyuma ya RAV4. Magari yetu yanafanana. IST, Vitz, Noah, Premio, kila mtaa yapo, kwa hiyo spea yake ina soko la haraka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kioo cha mlango ni kioo kigumu kinachosambaratika chembechembe kwa pigo moja, tofauti na kioo cha mbele ambacho kina utando katikati na hubaki kimeshikana. Mlio ni mmoja tu na umekwisha. Wakati wa masika, mvua ikipiga bati, hata mlio huo haufiki chumbani.

Ndiyo maana kila pendekezo la kikao nalipima kwa swali moja: je, litamfanya mtu huyu aonekane kabla hajaanza? Kinachomwonyesha baada ya dakika tano kina faida yake, lakini ni faida ya aina nyingine.

Mlinzi wa kampuni na vijana wa ulinzi shirikishi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Mlinzi wa kampuni anakuja na sare, mkataba na msimamizi anayezunguka usiku kumkagua. Akiugua analetwa mwingine. Hana ujamaa na mtu mtaani, kwa hiyo hawezi kuombwa afumbe macho na binamu yake. Hizi ni faida za kweli, na wanaozidharau hawajawahi kuendesha ulinzi wa kujitolea kwa zaidi ya msimu mmoja.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Kamati huuliza bei ya mlinzi mmoja, inagawa kwa idadi ya nyumba, inaona inawezekana. Lakini usiku mmoja ni saa 12, na wiki ina usiku 7: saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Hata ukizijumlisha zote, mtu mmoja hafiki 60 kwa wiki. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara. Kwa hiyo lindo moja la usiku kucha linahitaji watu wawili. Kampuni inayotoa bei ya mtu mmoja kwa usiku wote wa wiki ama inamvunjia haki mlinzi, ama inategemea alale kazini. Mtu anayefanya kazi usiku saba mfululizo atalala, na sioni wa kumlaumu zaidi ya aliyepanga zamu hiyo.

Tatizo la pili ni kwamba mlinzi wa kampuni hulinda geti, na gari halivunjwi getini. Linavunjwa mita 150 ndani, kwenye kona, au kwenye nyumba ya wapangaji isiyo na fensi. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikishuka na ukungu ukitanda kuanzia Sakina hadi Ngaramtoni, mlinzi anakaa kibandani na jiko la mkaa na hatoki. Kama mtaa unachukua kampuni, mkataba useme wazi kwamba anatembea, apite wapi, kila baada ya muda gani, na nani anathibitisha. Apewe koti zito, buti na tochi yenye nguvu. Kibanda kiwe na uwazi wa kutosha, kwa sababu moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua. Kisha someni kifungu cha fidia kwa sauti mbele ya kikao: gari likivunjwa lindo likiwepo, kampuni inalipa nini, kwa ushahidi gani? Watu wengi husaini wakiamini kampuni inabeba hasara. Mikataba mingi haisemi hivyo.

Vijana wa mtaa ni habari nyingine. Ulinzi wa wananchi kwa wananchi nchini kwetu una historia: sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Shinyanga na Tabora dhidi ya wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuitambua. Baadaye Jeshi la Polisi likaja na polisi jamii, na ulinzi shirikishi tunaouona mitaani leo umejengwa juu ya hapo. Nguvu ya vijana hawa ni kujua. Wanajua gari la nani linachelewa kurudi, bodaboda yupi si wa kijiwe cha hapo, mpangaji gani amehama juzi. Mlinzi aliyeletwa kutoka upande wa pili wa mji, kila mtu kwake ni mgeni. Atamshukuje mgeni?

Udhaifu wao unajulikana vilevile. Michango hulegea. Mwezi wa kwanza nyumba zote zinatoa, mwezi wa nne zinatoa zile zilizoibiwa. Hakuna stakabadhi, watu wanaanza kuulizana hela zinaenda wapi, vijana wanakosa posho na lindo linakufa kimyakimya. Lililo baya zaidi ni kipigo. Mtu anashikwa na kioo mkononi, anaitiwa "mwizi", na kufikia asubuhi kuna maiti na vijana sita wa mtaa wana kesi ya mauaji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa la namna hii, ila lazima akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa. Mtaa usioweza kulisimamia hilo kwa uhakika usianzishe kikundi cha vijana. Hakuna saidimira inayolingana na uhai wa mtu, wala na miaka ya kijana atakayefungwa.

Kwa hiyo vijana wanafaa pale ambapo mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wapo kazini kweli, majina yamepelekwa kituo cha polisi, polisi wa kata anawafahamu na amewapa maelekezo, na mtunza hazina anabandika mapato na matumizi kila mwezi ubao wa ofisi ya mtaa.

Sasa uchague yupi? Tazama barabara zenu. Sehemu ya Njiro na Shanty Town ya Moshi kuna vipande ambavyo gari linaingilia njia moja, viwanja ni vikubwa, kuta ndefu, na majirani hawajuani sana. Hapo vijana hawana wa kumtambua wala wa kumwamsha. Kampuni yenye zamu halali, ikisimama kwenye hiyo njia moja na kutembea ndani, inafanya kazi. Majengo na Pasua kule Moshi, Kaloleni, Sombetini au Daraja Mbili hapa Arusha, mtaa una vichochoro kila upande. Geti la nini wakati mtu anapita uani kwa watu? Huko anayejua sura za watu ana thamani kuliko mwenye sare. Nimeona kamati zinachagua kampuni kwa sababu inaonekana ya hadhi zaidi. Hadhi haisaidii kwenye mtaa wenye njia kumi na moja za kutokea.

Taa na kamera

Tafiti zipo, na ingawa nyingi ni za Uingereza na Marekani, zinaelekeza. Mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera, yaliyochapishwa 2019, yalikuta uhalifu ukipungua kwa takriban asilimia 13 kwa jumla. Ukitenganisha maeneo, kwenye maegesho ya magari upungufu ulikuwa kama asilimia 37, na kwenye makazi ya watu asilimia 12 tu. Kwa upande wa taa, jaribio la mwaka 2016 kwenye makazi ya umma ya New York lilikuta uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukipungua kwa karibu asilimia 36 palipowekwa taa kali za muda. Kuhusu vikundi vya majirani wanaolinda mtaa wao, mapitio ya 2008 yalitoa upungufu wa kati ya asilimia 16 na 26. Sisemi tutapata namba hizo Moshono au Rau. Nasema kamera ya barabarani kwenye makazi si muujiza hata huko zilikojaa.

Sababu si ngumu kuielewa. Kamera inarekodi. Saa tisa usiku hakuna anayeitazama, na asubuhi mnaangalia picha ya mtu mwenye kofia na koti, uso haupo. Kwa mwanga wa infraredi namba za gari huwaka nyeupe na kufutika. Umeme wa TANESCO ukikatika, kama hamkuweka betri ya akiba, usiku huo haupo kabisa kwenye rekodi. Kisha kuna nani anashika picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha za watu pia. Kurusha sura ya kijana kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa na kuandika "mwizi huyu hapa" kabla polisi hawajamhoji kunaweza kuwaletea nyinyi kesi, na kwake kunaweza kuleta kifo. Picha ipelekwe kituoni.

Ila pale ambapo magari mengi yanalala uwanja mmoja, kamera naiunga mkono. Nyumba za ghorofa zenye uwanja wa pamoja, nyumba za wapangaji wanane wenye ua mmoja, nyumba za watumishi karibu na hospitali ya KCMC kule Moshi: hayo ni maegesho, si barabara. Njia ya kuingilia ni moja, kamera inakaa karibu na uso, mwanga unadhibitika, na mlinzi yupo mita chache. Hapo ndipo ile asilimia 37 inapopata maana. Kwenye mtaa wazi, kamera moja nzuri kwenye njia kuu ya kutokea, imefungwa chini kiasi cha kuona uso badala ya utosi, ni bora kuliko sita za bei rahisi juu ya nguzo.

Taa sasa. Taa ya LED ya wati 30 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa anayenunua luku kwenye tarifa ya kawaida, uniti ikiwa kama Sh 350, ni chini ya Sh 4,000. Gawanya kwa nyumba tatu zinazoangaliwa na taa hiyo uone. Angalizo moja la haki: kuna nyumba ziko kwenye tarifa ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Msiifungie taa ya mtaa mita ya bibi wa tarifa hiyo, mkamvusha kikomo bila yeye kujua. Ifungeni kwa mwenye matumizi makubwa na mrudishieni hela yake kila mwezi.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko wati. Taa moja kali inayomulika machoni inatengeneza kivuli kizito nyuma ya gari, na mwizi anakaa hapo hapo. Mbili za wastani kutoka pande mbili zinafuta kivuli. Mijakaranda na miti mingine ya mitaa yetu inameza mwanga wote, matawi ya chini yapogolewe na mti ubaki. Taa za sola zinauzwa sana na zinafaa mahali pasipo na nyaya, lakini katika wiki zile za mawingu za Julai nyingi huzimika kabla ya alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yenyewe. Ukinunua sola, nunua yenye betri kubwa kuliko unavyodhani inahitajika.

Na taa bila jicho ni kumulikia mwizi kazi. Ndiyo maana naiweka pamoja na anayetembea, awe wa kampuni au wa mtaa. Fensi ya umeme na mbwa vina nafasi yake, ila vinalinda ua wako; gari la jirani aliyepanga nyumba isiyo na ukuta linabaki pale pale.

Gari lenyewe

Hili halihitaji kikao wala mchango, na linaweza kuzidi mengine yote kwa faida.

Chora namba za gari kwenye vioo vya pembeni, vioo vya milango na taa. Mafundi wa kazi hiyo wapo na huichukulia saa chache. Haizuii kuvunja, inaua soko: kioo chenye namba za mtu hakinunuliki kirahisi, na anayekinunua anajua kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Vioo vya pembeni vinaweza pia kukazwa na fundi kwa skrubu au ribiti visichomoke kwa mkono. Kati ya haya na king'ora, kwa gari la kawaida, nachagua kuchora. King'ora kinacholia kila lori likipita kinazoeleka ndani ya wiki, na siku kinapolia kweli majirani wanageukia upande wa pili. Kufuli la usukani na kifaa cha GPS ni vya anayeogopa gari kuondoka zima zima; kwa kioo na begi havifanyi lolote.

Ndani usiache kitu. Hata begi tupu, hata waya wa chaja, hata koti lililofunika kiti, maana yule wa nje hajui kama ni tupu mpaka avunje. Ukifunga kwa rimoti, vuta kitasa kwa mkono kabla hujaondoka.

Bima inachanganywa sana. Bima ndogo, ile ya lazima, inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Kioo chako kikivunjwa haikulipi. Bima kubwa inaweza kulipa, kwa masharti: kuna kiasi utakachobeba mwenyewe, na vitu vya ndani kama kompyuta mara nyingi havimo. Kama hasara ya kawaida mtaani kwenu ni saidimira na taa, tofauti ya bei kati ya bima hizo mbili huenda isijilipe kwa hilo pekee. Ichukue bima kubwa kwa sababu ya ajali na moto.

Likishatokea, usifagie vioo kwanza. Piga picha, nenda kituoni, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Wengi hawaendi kwa kuona ni usumbufu wa bure, na matokeo yake kituo hakina rekodi kwamba mtaa huo una tatizo, kwa hiyo doria haiji. Dharura ikiwa inaendelea, namba ni 112.

Mkiwa na hela ya jambo moja tu

Mtaa wazi wenye vichochoro: taa kwenye yale maeneo mawili matatu ambako magari yamevunjwa kweli, halafu vijana wawili kwa zamu, wenye posho inayolipwa kwa tarehe. Kipande cha njia moja chenye kuta: kampuni yenye walinzi wawili wanaopokezana, mkataba wa miezi mitatu kwanza, msisaini mwaka. Ua wa pamoja wa wapangaji: mwenye nyumba aweke taa mbili na kamera moja yenye betri ya akiba, na wapangaji wadai hilo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita inayofuata, kwa kuwa hapo ndipo anawasikiliza. Na kama mnashindwa kukubaliana kabisa, teueni watu wawili wapite mtaani saa tisa usiku na daftari, waandike kila gari linalolala gizani. Kikao kijacho kianze na orodha hiyo.